Ruffin Amemfungia Mama Mkwe Ndani ya Depo

Naapa. Haya yote ni kweli tupu, msomaji wangu, na kama kuna neno moja la uongo ndani yake, basi meno yangu manne yaliyobaki yadondoke kabla ya bonane, yaani mwaka mpya, niwe nakunywa bukari, ugali wetu, kwa kijiko. Sikuhadithiwa na mtu. Nimeyaona kwa macho yangu mawili, na miwani juu yake.

Jumapili iliyopita tulimwacha jirani yangu Ruffin, soudeur, fundi wa kuchomelea wa hapa Kasulo, asubuhi ya Noeli, maski yake ya kuchomelea ameiinua kichwani, moshi bado unapanda kutoka kwenye mlango mpya wa depo, stoo ya nyumba yake. Alikuwa ameupiga pointi nne, na bawaba zimeshashika. Akapuliza vidole. Akatabasamu.

Ndipo ndani ya depo, nyuma ya ule mlango, mtu akapiga chafya.

Chafya ya mwanamke. Tena ya mwanamke mzima, mwenye uzito wake.

Ruffin akahesabu watu wa nyumba. Mignonne, mke wake: yuko misa. Mjomba Banza: misa. Mashangazi wote na wajukuu: misa. Aliyebaki kupika kuku za sikukuu alikuwa mmoja tu.

Mama Mbuyu. Mama mkwe!

Sasa wewe msomaji utaniuliza: Tata Mulumba, mtu anawezaje kumchomelea mama mkwe wake ndani ya depo mchana kweupe? Vizuri. Kaa nikueleze upesi, maana kuku ziko motoni.

Soudeur akiweka mlango, kwanza anaubana kwenye kadre, fremu yake, kwa pointi chache za moto ili usicheze wakati anapanga bawaba. Akimaliza bawaba, anazikata zile pointi, mlango unafunguka. Hiyo ndiyo kazi.

Na sisi watu wa hapa, wewe unajua. Mwanaume hamtazami mama mkwe usoni. Hasemi naye. Hali mbele yake. Akimwona anakuja, anageuka. Na mama naye hamsemeshi mkwe, hampiti karibu hata nguo zikagusana. Mpaka siku wakubwa watakapowatoa haya, mama ampe mkwe nyama kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo wanakuwa watu wanaosalimiana.

Ruffin alikuwa na miaka sita ya ndoa, na hakuna aliyemtoa haya. Miaka sita, kila Mama Mbuyu akija, Ruffin anakula kule kwenye kazi yake, amekaa juu ya chupa ya gesi, sahani kwenye magoti. Mwaka huu Mjomba Banza, kaka mkubwa wa mama, alikuwa amesafiri siku mbili kwenye matope kutoka Kisenge kwa jambo hilo moja: leo, mezani, baada ya misa, kumtoa Ruffin haya. Kesho anarudi Kisenge.

Basi asubuhi hiyo Ruffin alisikia kandambili za mama nyuma yake. Akashusha maski, akageukia ukuta kwa heshima. Mama akaingia depo kuchukua unga. Alipotaka kutoka, akamwona mkwe amesimama karibu na kizingiti. Akasema moyoni, ningoje aondoke. Ruffin naye akasema moyoni, ningoje atoke. Wakangojana. Depo kimya, nje kimya. Ruffin akachoka kwanza. Akadhani mama ameshakwenda. Akasukuma mlango mahali pake.

Pointi nne! Na mama akaona ule moto wa buluu ukizunguka mlango, akanyamaza. Kwa heshima.

"Tata Mulumba!" Ruffin akaniita juu ya ukuta. Sauti ilikuwa nyembamba kama bageti, kile kijiti cha kuchomelea. "Tata, uko hapo?"

Nikatoa kichwa. Mimi nilikuwa nachuma mboga zangu tu, lengalenga, sikuwa najua lolote.

"Bonne fête, mwana! Kuko nini?"

"Tata, kuya. Nimefanya kintu."

Nikaruka ukuta. Ndiyo, niliruka. Miaka sitini na saba, niliuruka ule ukuta bila kugusa tofali. Akanionyesha mlango kwa kidole.

"Mama eko mule," akanong'ona. "Siwezi kusema naye. Unisemee."

Nikausogelea mlango. Nikagonga kwa adabu.

"Mama Mbuyu, bonne fête. Mukwe anauliza kama uko muzima."

"Nimesikia," sauti ikajibu kutoka ndani. "Umuambie niko muzima. Umuulize juu ya nini ananisude mule ndani sawa vile mi ni dirisha."

Ruffin alikuwa amesimama mita moja kutoka hapo. Amesikia kila neno. Akaningojea mimi.

"Ruffin, mama anauliza juu ya nini umemusude."

"Umuambie anisamehe. Nilisikia kimya, nikawaza ameshaenda."

"Mama, mukwe anasema..."

"Nimesikia! Umuambie akate!"

"Ruffin, anasema u..."

Lakini Ruffin alikuwa ameshaikamata mashine ya kukata chuma. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Courant ilikuwa imeondoka! Kasulo nzima, saa nne ya asubuhi, siku ya Noeli, hakuna umeme, hakuna hata taa moja.

Akachukua nyundo na patasi ya chuma. Akapiga pointi ya kwanza mpaka mbwa wa barabara nzima wakajibu. Pointi haikutikisika. Hapa nitasema jambo la haki. Mlango wa Ruffin hauchezi. Tangu mwanzo wa Desemba alikuwa ameweka milango kumi na tisa, maana kila mtu anataka mlango mpya kabla wageni hawajafika. Kwa Samy, mchimbaji wa mtaa wa Mashamba, wezi walifika na kitindio, mtaimbo wa wachimbaji, walishindwa, wakaacha kitindio. Nyumba moja tu ilibaki na pazia badala ya mlango. Nyumba ya soudeur. Ndiyo sababu Mignonne alimwambia: misa ikiisha nisipokuta mlango, utalala na hilo pazia.

Kwa hiyo alichomelea kwa upendo wote. Na sasa upendo ulikuwa umemfunga mama.

"Kuko njia ingine," nikasema. "Chini ya iyi depo kuko shimo ya zamani, ya wakati wa watu kuchimba madini mu nyumba zabo. Inatokea kwangu, chini ya kitanda. Mama apite mule."

"Tata Mulumba," mama akauliza taratibu, "nani alichimba shimo mupaka chini ya kitanda yako?"

Nikaona heri tuliache hilo shimo.

Ghafla pua ya mama ikafanya kazi yake.

"Kuku! Kuku yangu inaungua! Tata Mulumba, umuambie ageuze!"

Ruffin akatazama sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, kama mtu anayetazama nyoka. Mkwe kugusa chungu cha mama mkwe! Lakini kuku tatu za watu kumi na wanne zilikuwa zinaanza kulia.

"Umuambie atoshe makaa nusu!"

"Ruffin, tosha makaa nusu." Akayatoa.

"Umuambie aweke maji kikombe kimoja. Kimoja! Asifanye sawa vile anazima moto wa gari!"

Ruffin akaweka kikombe kimoja, jasho linamtoka kuliko siku ya kuchomelea tangi. Akageuza kwa bageti. Nilimwambia atafute mwiko, hakunisikia.

"Sasa nani ataonja chumvi?" akaniuliza. "Mi siwezi. Ni chungu ya mama."

Nikajitolea. Nilionja. Sikuwa na hakika, nikaonja tena. Paja lile lilikuwa na chumvi ya kutosha, lakini bawa je?

"Tata Mulumba," ikatoka sauti ndani ya depo, "nasikia mifupa."

Nikaacha kuonja.

Ruffin akakimbia kuvuka barabara kwa Kisimba. Kisimba naye ni soudeur. Milango yake ukipiga hodi kwa nguvu inakulalia. Lakini Kisimba ana jenereta. Akaja nalo kwenye mkokoteni, amevaa suti ya Noeli, akasimama mbele ya ule mlango, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

"Ruffin! Weye mukubwa wa milango!"

"Kisimba, ndugu yangu, washa groupe."

"Nitawasha. Mbele uende pale mu barabara, useme na sauti: Kisimba njo soudeur ya kweli, mi niko najifunza."

Ruffin akakunja ngumi. Sijawahi kuona mtu amevimba hivyo. Alitazama mlango wake, ule mlango mzuri, pembe nne zimenyooka.

"Tata Mulumba!" mama akapaza sauti. "Umuambie aseme! Kama Kisimba anataka, na mi nitasema mule ndani!"

Ruffin akaenda barabarani. Akasema. Vijana waliokuwa wanapita na chupa zao wakapiga makofi, mmoja akaomba arudie, na akarudia.

Jenereta likakohoa, likawaka. Ruffin akashusha mashine kwenye chuma. Cheche! Pointi ya kwanza, imekatika. Pointi ya pili, imekatika. Akaweka mashine kwenye ya tatu.

Puu. Puu. Pu.

Kimya.

"Esansi imeisha," Kisimba akasema, akifuta suti yake. "Mi nilisema niko na groupe. Sikusema niko na esansi."

Na hapo, msomaji wangu, tukasikia nyimbo. Misa ilikuwa imeisha. Walikuwa wanakuja wote, wanawake wamevaa kitambaa kimoja cha sikukuu, wanaimba, wanacheka, na mbele yao Mjomba Banza, koti zito, kofia, fimbo.

Mignonne akaingia kwanza. Akauona mlango. Uso wake ukawa jua.

"Ruffin! Umeweka! Oh, Ruffin yangu! Ni muzuri!" Akazunguka. "Mama! Mama, kuya uone mulango! Mama eko wapi?"

Ruffin akatazama viatu vyake.

"Mama eko wapi, Ruffin?"

"Eko... karibu."

"Niko humu," mlango ukasema.

Nyimbo zikakatika. Shangazi mmoja akaketi chini na nguo zake mpya, matopeni. Mignonne akashika kichwa.

"Umefunga mama yangu mu depo? Siku ya Noeli? Siku ya leo?"

"Kwa pointi mbili tu," nikasema, kumsaidia. "Zilikuwa ine."

Haikusaidia.

Mjomba Banza hakupiga kelele. Alileta kiti, akaketi mbele ya mlango, fimbo katikati ya magoti. Hiyo ni mbaya kuliko kelele.

"Nimetembea siku mbili," akasema. "Gari ilizama mara tatu. Nilisema, uyu mutoto Ruffin ni mutu wa kazi, miaka sita anakula juu ya chupa ya gesi, inatosha, nitamutosha haya. Nafika, nakuta amefungia dada yangu sawa vile kuku. Anayemukosea mama mukwe analeta mbuzi muzima, mbele watu hawajaweka mukono mu sahani. Mbuzi iko wapi?"

"Tata Banza, leo mbuzi sitaipata," Ruffin akasema. "Mu soko yote wameshakula mbuzi."

"Basi hakuna meza. Kesho narudi Kisenge. Dada yangu narudi naye." Akamtazama Mignonne. "Na weye pia utakwenda na mama yako, mupaka ule siku bwana yako atapata mbuzi."

Mignonne akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alimtazama tu Ruffin, na mimi mwenyewe, ambaye si mtu wa machozi, nikahisi miwani yangu inapata ukungu. Alikuwa anampenda yule mjinga.

Saa ile ile Kasulo nzima ikapiga kelele: "Yeeee!"

Courant!

Ruffin akarukia mashine. Halafu akasimama. Mlango ukifunguka, atamwona mama uso kwa uso. Kosa juu ya kosa! Akafikiri, akashusha maski yake ya kuchomelea mpaka kidevuni. Kioo cheusi, haoni kitu isipokuwa cheche.

"Mignonne! Uniambie mahali!"

"Juu! Kiloko kushoto! Hapana ile, ni ukuta iyo! Chini! Hapo!"

Pointi ya tatu, imekatika. Pointi ya nne. Akatupa mashine, akageuka, akabandika maski yake ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

Mlango ukafunguka. Bila kelele. Bila kukwaruza. Kwa kidole kimoja tu.

Mama Mbuyu akatoka. Mweupe wa unga toka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili, beseni lake bado mkononi. Akaenda kwanza kwenye sufuria, akafunua, akatazama, akafunika. Ndipo akamgeukia kaka yake.

"Dada," Mjomba Banza akasema, "juu ya nini hukuita? Hata kukohoa?"

"Niite nani? Mukwe? Na kelele, jina yake mu kinywa yangu? Mi niko na haya, kaka. Ule mutoto alinigeukia mugongo na heshima yake yote. Alifanya vile mulimufundisha. Na mi nilifanya vile mulinifundisha."

"Lakini ungefia mule."

"Sikuogopa. Nilijua jirani atamuambia."

Mjomba Banza akainua kichwa.

"Jirani gani?"

Nikaanza kutafuta kofia yangu. Lengalenga zangu zilikuwa zinaningoja.

"Ule," Mama Mbuyu akasema, na kidole chake cheupe kikanifuata mpaka kwenye ukuta. "Ule muzee. Mbele moto haujawaka, nilimuona mu tundu za tofali za depo. Eko juu ya pipa yake. Nikamupungia mukono mara tatu. Nikamuonyesha mulango. Nikaweka mikono hivi, sawa vile muntu wa pingu. Na yeye akanipungia! Akacheka. Kisha akatosha karatasi na bic, akaandika."

"Mi nilikuwa nachuma lengalenga," nikasema.

"Juu ya pipa?" akauliza Mignonne.

Msomaji wangu. Haya. Wewe na mimi tumetoka mbali, nisikufiche. Nilikuwa juu ya pipa tangu saa mbili. Nilimwona mama akiingia. Nilimwona Ruffin akigeuka. Niliona nani hajatoka, na nikaona ule mlango ukienda mahali pake, na ningeweza kusema "Ruffin, ngoja," maneno mawili tu, ingekwisha. Lakini ningekuandikia nini wiki ile? Bei ya nyanya? Na ule ukuta sikuuruka, nilizunguka kwenye lango. Ni hayo tu. Mengine yote ni kweli.

Wote walikuwa wananitazama, hata Kisimba. Hata Ruffin, bado anatazama ukuta, mabega yake yalikuwa yananitazama.

"Tata Mulumba," Mjomba Banza akasema kwa sauti ya chini, "mwenye kosa ni ule hakuona, ao ni ule aliona akanyamaza?"

Nilitaka kusema kwamba mimi ni msemaji tu, na msemaji hana kosa. Lakini fimbo ilikuwa imeinuka.

"Ule aliona," nikasema.

"Weye uko na mbuzi?"

Nilianza kusema sina. Nyuma ya ukuta, kwangu, mbuzi akalia. Kasulo nzima hakuna mbuzi aliyebaki hai siku ile isipokuwa huyo mmoja, na alichagua dakika ile kutoa maoni.

Nikaenda. Nikafungua kamba. Nikamleta yule mnyama mnene, mwenye ndevu, nikaiweka kamba mkononi mwa Mjomba Banza mbele ya watu wote. Akamkagua meno. Akamfunga kwenye bawaba ya mlango mpya.

"Mbuzi imefika," akasema. "Ruffin, tosha ile kintu ku uso."

Ruffin akainua maski polepole. Alikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso. Akaketi kwenye mkeka, macho chini, na Mama Mbuyu akaketi mbele yake, bado na unga kwenye nyusi. Akachukua paja la kuku, lile ambalo sikuwa nimelionja, akalishika hewani.

"Ruffin," akasema. Mara ya kwanza katika miaka sita. Mignonne akashika mkono wa shangazi. "Mwana wangu. Mule ndani nilisukuma ule mulango na bega, na mugongo, na miguu mbili. Haukucheza. Hata kiloko. Kwangu ku Kisenge sina mulango sawa ule. Utanifanyia?"

"Ndiyo, mama," Ruffin akasema. Akapokea nyama. Akala. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka Kisimba akaanza kuuliza kwa unyonge kama kuna mtu mwingine anahitaji mlango.

Mimi nilikuwa najiondoa taratibu, mgongo mbele, nikitafuta lango.

"Mulumba!"

Mke wangu, Jocelyne. Ametoka misa ya pili, amesimama langoni, macho yake yako kwenye bawaba ya mlango.

"Iyi si mbuzi yetu. Iyi ni mbuzi ya mama yangu. Ameileta jana kutoka Likasi, anataka tuichinje ku bonane. Inafanya nini hapa?"

Na nyuma ya bega lake, kwenye kivuli cha mwavuli, nikaona kitambaa cha kichwa, na fimbo, na macho madogo makali ya miaka themanini na mbili. Mama mkwe wangu. Miaka arobaini ya ndoa inakaribia, na mimi sijatolewa haya hata siku moja. Kila mara nilikuwa na safari.

Nikageukia ukuta. Nikaubandika uso wangu kwenye tofali.

"Anauliza mbuzi yake," Jocelyne akasema. "Umujibu."

Nitajibuje? Siwezi kusema naye! Hakuna neno ninaloweza kumwambia. Lazima mtu anisemee.

Nyuma yangu nikasikia mtu anaweka mfupa kwenye sahani, anafuta vidole, anasimama kutoka kwenye mkeka.

"Muache, Mama Jocelyne," Ruffin akasema, kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu nimfahamu. "Muzee alinisemea mi. Na mi nitamusemea. Nitasema yote. Nianze na lile shimo chini ya kitanda?"